Watoto wa Marehemu

Buzuruga, Mwanza
11 Januari 2026

Kwako mdogo wangu Ooko,

Uko mzima? Wifi yangu je, na watoto? Huku wote wazima, nashukuru. Favour wangu kamaliza kidato cha nne, sasa kazi yake ni kulala na simu kifuani kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Mvua imepiga wiki nzima, stendi ni tope tupu, lakini chapati zangu zinatoka. Mtu mwenye safari na njaa hachagui.

Najua umeshtuka kuletewa barua na kondakta. Ningefanyaje? Namba yako haipatikani tangu siku tuliyomzika Mama Modesta, na kundi la ukoo ulijitoa siku hiyohiyo. Halafu hata ungekuwepo, mimi kwenye kundi siongei tena. Nilimtumia Favour ujumbe wa sauti, nacheka jinsi Baba mdogo Ojuok alivyokoroma kanisani Krismasi mpaka kwaya ikapotea njia. Favour akabonyeza sijui wapi, ukaenda kwa ukoo mzima. Nasikia wameusikiliza mpaka Shirati! Baba mdogo akanipigia, akasema neno moja tu, "Akelo," akakata. Kwa hiyo sasa ni karatasi. Karatasi haina pa kubonyeza. Mwandiko wangu unaujua, niliishia la nne, soma taratibu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa sita, Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, tunataka kumfanyia Mama misa ya shukrani pale nyumbani Kigongo na kumsimikia msalaba wa kudumu. Ule wa mbao mchwa wameshaanza kuuonja. Mwaka hautakuwa umetimia, ila padri anahamishwa mwezi wa saba, na huyu ndiye aliyemjua Mama, alikuwa anakula samaki wake.

Lakini sitaki iwe kama siku ya mazishi. Wewe hukuwepo, hukuona. Baba mdogo ndiye aliyeandika ratiba na ndiye aliyeshika maiki. Kwenye wasifu akasoma, "Marehemu alikuwa mke wa pili wa kaka yetu Odongo, hakujaliwa mtoto." Basi, akafunga karatasi. Ikafika kuweka maua. Akaita ukoo. Akaita ndugu wa marehemu kutoka Usagara. Akaita kina mama wa feri, akaita majirani. Watoto hakuita. Mimi nilikuwa kwenye masufuria, natoka mbio na mwiko mkononi, nasubiri kuitwa, kimya. Nikaingia kwenye mstari wa majirani. Ooko, mimi ua langu niliweka na majirani.

Mwanamke alikuja kwetu mimi nina miaka kumi na wewe hata kukaa hujui, mama aliyetuzaa ndiyo kwanza tumemzika. Akakufunga mgongoni, beseni la sato kichwani, akashuka gatini kuuzia abiria wa feri. Watu wa Geita wote walijua una mama. Baba mdogo peke yake ndiye habari haijamfikia?

Safari hii nataka akishika maiki aite watoto. Na kwenye msalaba yaandikwe, mama wa Akelo na Ooko. Jina langu nimeshalitoa. Lako siwezi kuliweka bila wewe kusema, na Baba mdogo ataniuliza wa kiume kasemaje. Nijibu, unakubali?

Ni mimi dada yako mwenye unga mpaka kwenye viwiko,
Akelo

*

Mpanda
2 Februari 2026

Dada Akelo, shikamoo.

Barua nimeipata. Sisi wazima. Mtoto wa mwisho anaota meno, hatulali. Kazi ya kuchomelea ipo, watu wanajenga, wanataka mageti na madirisha. Umeme tu ndio unatuangusha.

Simu yangu iliharibika. Siku ya mazishi nilikosa ruhusa, nadhani nilisema.

Hiyo misa ni jambo zuri. Fanyeni. Nimecheka sana habari ya Baba mdogo.

Msalimie Favour.

Mdogo wako,
Ooko

*

Buzuruga
19 Februari 2026

Ooko mdogo wangu,

Barua yako fupi kama risiti ya sukari. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeendelea, kumbe ndiyo imeisha! Hata hivyo asante, kondakta alinipa nikaisoma nimesimama, chapati ikaungua. Poleni na meno ya mtoto. Hapa jirani yangu kaolewa tena na mume wake yuleyule, sare tumeshona upya, kitenge kizuri, nitakusimulia siku nyingine.

Wiki iliyopita nilikwenda Usagara kwa Mwanaharusi. Unamkumbuka, yule mama mnene aliyekuwa anakaa beseni kwa beseni na Mama pale feri, wanagombea abiria mchana, jioni wanagawana mafuta ya kupikia. Tangu daraja lifunguliwe, magari yanapita juu vuu, Kigongo hayasimami, kwa hiyo wenzake Mama wametawanyika kila mmoja na lwake. Mwanaharusi kahamia pale njia panda, anauza chai na maandazi kwa watu wa mabasi. Nilikwenda kumwomba aje kukaanga sato siku ya misa.

Kabla sijamaliza kuomba akaniambia, "Kwanza yule mdogo wako hajambo? Maana siku ya msiba alinitia wasiwasi."

Nikamwambia, "Mdogo wangu gani? Ooko alikuwa Mpanda."

"Mpanda ya wapi? Alikaa hapa ulipokaa wewe. Kashuka basi alfajiri, shati jeupe, begi, na maua ya plastiki kwenye mfuko. Nikampa chai nikamwambia nikishafunga hapa tutaongozana. Akawa anasoma kitu kwenye simu. Kasoma, karudia, kasoma. Nikamwambia baba, gari ya Kigongo hiyo inajaza. Akasema asante mama. Akavuka barabara, akasimamisha basi la kurudi Shinyanga. Mimi nikajua ametumwa kitu."

Mimi sikuulizi, Ooko. Nakupa tu maneno ya Mwanaharusi, na yeye unamjua, anaongeza chumvi hadi kwenye chai. Na nakumbuka Baba mdogo ile ratiba na wasifu wake aliirusha kwenye kundi asubuhi ileile. Hilo nalo nakueleza tu.

Sasa sikia nilivyopanga. Baba mdogo anataka maturubai, sare za zambarau na mshereheshaji kutoka mjini, wa kuvaa koti la kung'aa. Mimi nataka viti vipangwe mistari miwili vikitazamana, kama mabenchi ya kwenye feri, na kina mama wa zamani wapite katikati na mabeseni kichwani, wanaita kama walivyokuwa wanaita, "Sato wa moto! Chumvi ipo, pilipili ipo!" Mtu ale samaki kwa mkono, avute mwiba, amkumbuke Mama. Mwanaharusi amekubali na analia na kucheka kwa pamoja. Wengine anawatafuta yeye, mmoja yuko Sengerema, mmoja kahamia kwa binti yake Busisi.

Na padri akisema tutoe ushuhuda nitasimulia ile siku ulipolala chini ya benchi la feri, feri ikang'oa nanga na wewe. Mama kugeuka, mtoto hayupo! Aliliacha beseni limejaa samaki pale kwenye zege, akamrukia mvuvi kwenye mtumbwi, anampigia kelele, "Piga kasia, mwanangu anakwenda Busisi!" Sato waliliwa na mbwa na makondakta. Akarudi na wewe mgongoni, miguu yako inaburuza, ulikuwa na miaka sita mizima. Wala hakukuchapa.

Nijibu la msalaba. Kondakta nimemwambia akusimamie mpaka uandike.

Dada yako Akelo,
nasubiri lakini si kimya

*

Mpanda
5 Aprili 2026

Dada, shikamoo. Pasaka njema.

Nisamehe kuchelewa. Kondakta alinisimamia mara tatu, nikawa namwambia nina kazi.

Mwambie Mwanaharusi chai ilikuwa nzuri. Sukari ilizidi.

Ile siku ya feri nilikuwa sijalala. Shuleni walikuwa wameniambia yule si mama yako, huyo ni mke wa baba yako tu. Nikaingia chini ya benchi nione kama atanifuata. Niliposikia kelele za kwenye mtumbwi nikafumba macho. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na ukisimama kwenye ushuhuda usiliseme, nakuomba, maana nakujua.

La msalaba bado nafikiria. Wewe sura ya mama aliyetuzaa unayo kichwani. Mimi sina. Nikisema mama yangu ni Mama Modesta, yule mwingine ninamwacha na nani?

Wasalimie.

Ooko

*

Buzuruga
20 Aprili 2026

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima, Favour akadhani naumwa, akanipikia uji kwa hiari yake. Muujiza wa kwanza huo.

Ooko, yule mwingine hujamwacha na mtu. Mama Modesta ndiye aliyekuwa naye. Hujui kwa sababu ulikuwa mdogo halafu ukaenda bweni. Kaburi la mama aliyetuzaa lilikuwa nyuma ya mihogo. Baba alikuwa anapaogopa, Baba mdogo Ojuok hajashika jembe pale hata siku moja, tusimsingizie. Mama Modesta ndiye aliyepalilia. Na akipalilia anaongea! Mimi nilikuwa najificha kwenye mihogo nasikiliza, unajua tena masikio yangu. Alikuwa anamwambia, "Mwenzangu, mtoto wako kapona surua. Mwenzangu, mtoto wako kaingia la tatu, hesabu anajua, mwandiko mbaya." Halafu anamsengenya baba yetu kwake! "Mume wetu huyu, jana kaniletea kambale mmoja na wageni watano, na wewe alikuwa anakufanyia hivihivi?" Anacheka peke yake, anaendelea kulima.

Sasa mtu uliyekuwa unapelekewa habari zake miaka yote hiyo, leo atakasirika ukimshukuru aliyekuwa anazipeleka? Mimi ningekuwa yeye ningekasirika usiposhukuru. Misa tutaombea wote wawili, nimeshaandikisha majina kwa katekista.

Tena nimekwenda kwa Baba mdogo. Nilimbebea sangara wa kuchemsha kwa sababu ya ile habari ya kukoroma. Alikula wote kwanza, ndipo akanuna. Akasema, "Akelo, wewe unataka kuniharibia jina. Mimi sikusema uongo, Modesta hakuzaa."

Nikamwambia, "Hukusema uongo Baba mdogo, ila uliishia njiani. Ungesema hakuzaa, akalea."

"Wewe ni wa kike, umeolewa ukaachika, unaongea sana. Ooko ndiye mwenye boma. Hata kuzika hakuja! Mtoto gani haji kumzika mama yake?"

Hapo nilijing'ata ulimi, na unajua kwangu hiyo ni ajali. Ya Usagara sikuyasema. Nikamwambia tu, akija je?

Akachokonoa meno. Akasema, "Akija, akasema kwa mdomo wake mbele ya watu, nitaita. Asipokuja naita majirani kama kawaida."

Basi Ooko, ndiyo hivyo. Sasa si jina tu, ni wewe mwenyewe. Na mzee nimempenda kidogo, maana angeweza kukataa kabisa.

Dada yako Akelo,
uji wa Favour ulikuwa na mabonge lakini nimeumaliza

*

Mpanda
12 Juni 2026

Dada, shikamoo.

Mzigo uliofungwa gunia na kamba nyekundu ni msalaba. Mzito, tafuta watu wawili Usagara. Herufi nimekata mwenyewe, moja moja, mvua isizifute. Fundi wa kuuweka achimbe chini kabisa.

Gunia lisifunguliwe mpaka Jumamosi.

Nakuja.

Ooko

*

Buzuruga
9 Julai 2026

Ooko mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Mlifika salama? Wifi kaniambia kwa simu ya jirani yenu kwamba mtoto alitapika njia nzima, poleni. Huku tumepumzika, masufuria nimerudisha, viti vya kanisa kimoja kimevunjika mguu, aliyekikalia tunamjua wote na tunamheshimu.

Mimi na wewe hatukupata hata nafasi ya kukaa. Mara wageni, mara basi. Kwa hiyo nakupa yale ambayo hukuyaona.

Kwanza Mwanaharusi. Nilimwambia chakula ni bure, wapite wakigawa. Akapita vizuri mstari wa kwanza. Kelele za "Sato wa moto!" zilivyokolea, mwanamke akajisahau, akamkabidhi katekista samaki na kumkingia kiganja, "Elfu tano, baba, haraka feri inaondoka." Na katekista akalipa! Na mama wa Busisi akaona, naye akaanza. Nilivyokuja kugundua walikuwa wamefika kwa padri. Tumewarudishia, isipokuwa padri, aligoma, akasema Modesta hakuwahi kumpa bure.

Pili. Pale ulipofungua gunia, ulitupa mgongo, hukuwaona watu. Walisoma kwa sauti, mmoja mmoja, kama watoto wa chekechea. MODESTA SHIMBA. MKE WA ODONGO. MAMA WA AKELO NA OOKO. Mimi nikasoma mara ya pili nihakikishe nimo. Ile ya mke wa Odongo umefanya vyema, mimi ningeisahau kwa hasira zangu.

Halafu Baba mdogo akashika maiki, akakohoa, akauliza, "Kuna anayesimama hapa kama mtoto wa marehemu?" Wewe ukasema bila maiki, "Mimi. Niliyekuwa mgongoni." Vigelegele vya kina mama wa feri nadhani vilivuka mpaka ng'ambo. Lakini wewe ulikuwa unatazama chini. Mimi nilikuwa namtazama Baba mdogo. Alivua kofia. Ile kofia hata kwa padri haivui! Akasema, "Watoto wa marehemu, wekeni maua." Akampa mtu maiki. Nilivyopita na ua langu akaniambia polepole, "Tangulia, Akelo." Akaja kuweka lake nyuma yetu. Usimwambie nimekuambia, na safari hii siirekodi popote.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, nakushukuru wewe, hata yeye namshukuru. Nimelala usiku ule kama gunia.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonifanya nikamate kalamu.

Jumanne, siku mbili baada ya ninyi kuondoka, nilikuwa bado Kigongo nafagia. Naona mzee anakuja kwa mguu, kanzu fupi, fimbo, anavuta ndama kwa kamba. Ndama jike, mwekundu, ana baka jeupe usoni. Ni Malimi wa Usagara, mdogo wake Mama. Siku ya misa alikaa kule mwisho na ndugu zake, wakala wakaondoka kimya kama walivyokaa siku ya mazishi. Nikamwamkia, shikamoo, karibu kiti. Akakataa kiti. Akauliza, "Mpwa wangu yuko wapi?"

Ooko, mimi nikadhani kapotelewa na mtoto wa mtu! Nikamwambia, "Mpwa wako yupi, mzee?"

Akasema, "Kwani dada yangu ana watoto wangapi wa kiume? Yule wa mgongoni."

Muulize Favour, alikuwepo, anasema nilikaa mdomo wazi mpaka nzi akafikiria kuingia.

Ndipo akakaa. Akanieleza kwamba miaka yote tangu dada yake aolewe kwetu, alikuwa akija kumtembelea anaitwa shemeji, anapewa maji, anaondoka. Hakuna aliyemwita mjomba. Aliona wewe unakua, aliona mimi naolewa, akawa anatamani kuleta kitu, lakini alimwogopa baba yetu na kina Ojuok, wasije wakasema huyu anatafuta nini kwenye watoto wasiomhusu. Na dada zake wengine hawakuzaa wa kiume. "Jumamosi nimesikia kwa masikio yangu," akasema, "ukoo wenu umetangaza kwenye maiki. Dada yangu ana mtoto. Basi mtoto ana mjomba, na mjomba haji mikono mitupu."

Kisha akanitazama, akachomoa kitenge kwenye mfuko, "Na hiki cha mpwa wangu wa kike, nasikia unaongea sana. Dada yangu naye alikuwa hivyo."

Nililia, Ooko. Nililia na ufagio mkononi. Halafu nikampikia.

Amemfunga ndama kwenye mpapai, akalala palepale kwetu, amekataa kabisa kumrudisha, anasema umpe jina wewe. Usiku kakata kamba, kamaliza mchicha wangu wote wa bustanini na upande mmoja wa shuka. Baba mdogo amekuja kumtazama, kamzunguka, kamshika nundu, akasema ni ndama wa maana, halafu akaniuliza eti yeye na huyu Malimi sasa wanaitanaje. Nikamwambia Baba mdogo, waulizane wenyewe, wakae wanywe chai. Wamekaa. Mpaka naondoka Kigongo bado wamekaa.

Sasa nijibu, ndama nimfanyeje?

Dada yako Akelo,
aliyepata mjomba ukubwani

*

Mpanda
20 Julai 2026

Dada Akelo, shikamoo.

Barua nimesomea gereji, nikazima mashine. Vijana wameuliza kama ni msiba, nimewaambia hapana.

Ndama asiuzwe. Mfungeni mbali na mchicha.

Mwezi wa kumi na mbili tunakuja wote. Tutashuka Usagara kwanza, tulale kwake, watoto wamwone babu yao. Kigongo tutafika kesho yake.

Mpe mjomba shikamoo yangu.

Ooko